Mwacheni Afelie Uwanjani

Nchini Kenya, mtu anayetaka leseni ya udereva amekuwa kwa miaka mingi akisimamishwa mbele ya ubao uliochorwa mji mzima: barabara, makutano, mzunguko, pa kuegesha, pa kuvukia watembea kwa miguu. Hukabidhiwa kigari cha kuchezea, akaambiwa akitoe hapa akifikishe pale, huku akitaja kwa sauti kila anachofanya: naangalia kioo, nawasha indiketa, nasubiri walio kwenye mzunguko wapite, naingia. Sasa mchukue baba wa watoto wanne, kilo zake 90, anayekusudia kuvuta kontena kutoka Mombasa hadi Malaba, umtazame anavyosukuma kigari hicho kwa vidole viwili na kukisimamisha kwa adabu mbele ya kivuko cha rangi ambacho hakuna atakayekivuka. Wakenya wamelicheka jambo hilo tangu zamani, na majirani wanawasaidia kucheka. Swali la wachekaji ni la haki: ubao huu na lori lenye tairi 22 vinahusiana nini?

Mimi pia nacheka. Ninachokikataa ni hitimisho la kicheko hicho, kwamba mafunzo na mitihani ya udereva wa lori ni maigizo ya kupitia tu ili mtu akaanze kazi ya kweli. Naona kinyume chake. Kila kinachochekesha humo, kuanzia kigari cha ubaoni na mapipa yanayoangushwa uwanjani hadi lori linalozimika katikati ya makutano huku bango la L likining'inia kwenye bampa na bodaboda zote za mji zikipiga honi nyuma yake, kina faida kuliko cheti chenyewe. Na kama mafunzo yetu yana kasoro kubwa, ni kwamba hayamwaibishi mwanafunzi kiasi cha kutosha. Anayejifunza lori anatakiwa afeli mapema, afeli mara nyingi, na afelie mahali ambapo kitakachobonyea ni pipa.

Tuanze na rivasi, maana huko ndiko heshima za watu zinakozikwa. Dereva wa gari dogo anajua kwamba akirudi nyuma na kukata stelingi kulia, mkia wa gari unakwenda kulia. Amelijua hilo muda mrefu kiasi kwamba halifikirii tena; mikono inafanya yenyewe. Mpandishe kwenye semi, yaani kichwa kinachovuta tela moja refu lililoegemea mgongoni mwake, umwambie aliingize tela kati ya mapipa mawili yaliyo upande wa kulia. Atakata kulia. Tela litakwenda kushoto. Akiona linakwenda kushoto atasahihisha kwa njia pekee aijuayo, yaani ataongeza kulia, na tela, ambalo halina kinyongo na mtu bali linatii tu, litazidi kwenda kushoto mpaka kichwa na tela vitazamane kama majirani wenye kesi ya mpaka wa shamba. Mwalimu aliye chini anapiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" Mwanafunzi, kwa unyofu kabisa, anatoa kichwa dirishani na kuuliza, "Niirudishe wapi?" Hapo ndipo pipa la kwanza linapolala.

Kanuni yenyewe si ngumu, inaandikika kwenye kiganja: kata kinyume cha unakotaka mkia uende, kisha tela likianza kugeuka lifuate, yaani rudisha stelingi kabla halijageuka kupita kiasi. Ugumu uko kwenye subira. Tela refu huchelewa kuitikia. Mwenye haraka anakata, anaona kimya, anadhani hajasikika, anaongeza. Kisha majibu ya yale aliyoyafanya kwanza na aliyoyaongeza yanafika kwa pamoja. Tela fupi, ambalo mtu angedhani lina nafuu, ni baya zaidi, kwa kuwa lenyewe huitikia hata kabla hujamaliza kusema. Dawa ya yote mawili ni moja nayo inauma: simama, sogea mbele, nyoosha, anza upya, mbele ya macho ya wote waliokuja kukutazama. Na anayeimudu semi asijione amefika, maana kuna pulin, lori lililobeba mzigo wake mgongoni na bado likavuta tela la pili kwa chuma kirefu, tela lenye ekseli ya mbele inayojigeukia. Hapo viungo vinakuwa viwili, kinyume kinapinduliwa tena kuwa kinyume cha kinyume, na bingwa wa semi anajikuta ameketi darasa la kwanza. Dereva anayeweza kuirudisha nyuma pulin mita 50 ikiwa imenyooka ni mtu wa kupewa kiti cha mbele harusini.

Ukitazama ni nani hasa anayeangusha mapipa, utaona jambo ambalo watu hawalitarajii. Si yule asiyejua kitu. Asiyejua kitu anaambiwa kata kushoto, anakata kushoto, kwa sababu hana sababu ya kubisha. Anayeangusha ni mwenye miaka yake kumi na Corolla, aliyefika uwanjani akiwa na majibu. Kwake kila kitu cha lori ni kama kile cha gari dogo, ila kikubwa; na hilo ni kosa linalomgharimu kila kona. Kona zenyewe ni ushahidi. Tairi za nyuma za tela hazipiti zilipopita za mbele, hukata ndani. Akikunja kushoto namna alivyozoea, kichwa kitapita salama na tela litapanda juu ya ukingo, lisalimiane na nguzo ya taa, na kama kona ina muuza chipsi, basi karai litaondoka na mafuta yake. Ndiyo maana lori huanza kwa kujitanua kulia kabla ya kukunja kushoto. Mwenye gari dogo aliye nyuma huona lori limesogea kulia, anahitimisha kwamba dereva wake amechanganyikiwa, anajipenyeza kushoto kwenye ile nafasi iliyoachwa kwa makusudi, kisha anashangaa ukuta wa chuma unavyomjia ubavuni.

Breki nazo zina falsafa nyingine. Gari dogo likivuja mafuta ya breki, halisimami. Lori lenye breki za upepo likiishiwa upepo haliondoki, kwa sababu ndani ya mitungi ya breki kuna springi kali zinazokamata magurudumu, na upepo ndio unaozibana ziachie. Kwa hiyo asubuhi mwanafunzi anawasha injini, anatia gia, anaachia klachi, na lori linatikisika pale pale huku king'ora cha dashibodi kikilia. Anaongeza mafuta. Linatikisika zaidi. Mwalimu anamwacha atikisike kidogo, kwa faida yake, kisha anamwonyesha mshale wa upepo ambao bado umelala chini, na wote wawili wanakaa kimya kusubiri mitungi ya upepo ijae. Ni dakika chache tu, lakini kwa mtu aliyezoea kuwasha na kuondoka, ni dakika za kufundishwa kwamba chombo hiki kina ratiba yake.

Kazi ya kwanza ya uwanja, basi, ni kumpokonya mtu ujuzi aliokuja nao. Na hakuna anayepokonywa ujuzi kwa maelezo. Unaweza kumweleza dereva wa Corolla habari za tela mpaka jua lizame. Atatikisa kichwa kukubali, kisha mikono yake itafanya ilichozoea. Kinachoishawishi mikono ni mlio wa pipa. Ubao wa Kenya unafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini: unamlazimisha mtu aliyezoea kufanya mambo bila kuyafikiria ayataje moja moja, kwa mdomo, mbele ya mtu mwenye kalamu. Akisahau kioo ubaoni, kusahau huko kunasikika. Marekani, ambako wapo watu wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wanaotafuta riziki kwenye malori, hawana kigari, lakini mtahiniwa huzungushwa lori zima akigusa na kutaja kila bomba, kila mnyororo, kila nati ya gurudumu, na kueleza anaikagua kwa ajili ya nini. Wazee wazima huonekana wakizunguka malori na kuyasemesha. Nako katika rivasi mtahiniwa anaruhusiwa kusimama, ashuke, atembee hadi nyuma akatazame, kisha arudi kitini. Idadi ya kushuka ina kikomo, lakini ruhusa ipo. Nadhani hakuna kanuni ya mtihani iliyo na akili kuliko hiyo. Inamwambia dereva kwamba kutokuona si kosa. Kosa ni kurudi nyuma bila kuona.

Pingamizi la kwanza nalisikia tangu mbali: rivasi haijawahi kuwa ndiyo inayoua. Mtu akigonga pipa, akalipige rangi. Malori yanaua mteremkoni, kwa hiyo kwa nini tupoteze siku nzima tukirudi nyuma kati ya mapipa? Pingamizi hili lina nguvu, na hesabu yake inatisha kuliko linavyosemwa. Lori la tani 50 likiwa kwenye kasi ya 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha malori Tanzania, lina nishati ya mwendo mara 40 ya gari dogo la tani moja na robo kwenye kasi hiyo hiyo. Nishati yote hiyo, ukikanyaga breki ili usimame, inageuka joto kwenye ngoma za breki. Mteremkoni ni kubaya zaidi. Kwa kila mita 100 za kimo ambazo lori linashuka, mvutano wa dunia unaliongezea nishati sawa na ya kulisimamisha kutoka 80 hadi sifuri karibu mara nne. Teremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, kona juu ya kona, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote, na ngoma zitapata joto, zitatanuka, viatu vya breki vitateleza badala ya kung'ata, na utakanyaga kitu ambacho kipo lakini hakijibu. Ndiyo maana mafundi wa mteremko huingia na gia nzito tangu juu, kabla lori halijachanganya, wakaiacha injini na eksozi breki vilizuie, na mguu ukagusa breki kwa vipindi.

Sasa linganisha mambo hayo mawili. Rivasi inadai ufanye kidogo, mapema, kisha usubiri. Ukichelewa kusahihisha, kusahihisha kwenyewe kunakuwa kosa la pili. Mteremko unadai ufanye mapema, juu kabisa, wakati bado hakuna dalili ya hatari yoyote. Ukichelewa kupunguza gia, hutaipata tena. Ni tabia ile ile. Tofauti ni kwamba rivasi huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na Kitonga haina pipa. Anayesema tuache mapipa twende moja kwa moja mlimani anataka somo lile lile lifundishwe mahali pasipo na nafasi ya kurudia.

Pingamizi la pili lilipata kusikika nchi nzima. Aprili 2015 madereva wa Tanzania waligoma, abiria wakakwama vituoni, na miongoni mwa mambo yaliyowaudhi ni agizo la kuwataka warudi darasani kila wanapotaka kuhuisha leseni. Serikali ikapiga rivasi, na tukubali kwamba iliipiga vizuri, bila kuangusha pipa hata moja. Kuhusu gharama, madereva walikuwa na hoja. Ada ya kumwelimisha dereva haipaswi kutoka kwenye posho yake ya chakula. Lakini kulikuwa na hoja nyingine iliyosemwa vijiweni kwa sauti kubwa zaidi, nayo ndiyo ninayopingana nayo: nina miaka 20 barabarani, darasa litanifundisha nini?

Miaka 20 barabarani ni miaka 20 ya kufundishwa na mwalimu asiyesahihisha. Barabara haitoi alama. Mapipa yanatoa alama papo hapo: umekosea, limelala. Barabara inakuacha ukosee leo, kesho, na mwakani, na kila unapofika salama inakupigia makofi. Mfano wake ni fri. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakiteremka yakiwa hayana gia ili kubana dizeli, hasa pale Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, mahali ambapo jina lake limekuwa la kutajwa kwa sauti ya chini. Dereva aliyeteremka Salgaa kwa fri mara mia na kufika salama ana ushahidi mara mia kwamba fri haina shida. Huo ndio uzoefu wake. Umemfundisha vizuri sana jambo la uongo. Na cha kuchekesha, kama kuna anayeweza kucheka hapo, ni kwamba hata akiba ya dizeli aliyoifuata haipo: injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, lori likiteremka na gia na mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, hukata dizeli kabisa, wakati likiwa fri lazima zichome kidogo ili zisizimike. Mtu anahatarisha roho yake na kulipia dizeli ya ziada kwa heshima hiyo.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka chini ya lori. Kabla ya vyuo, kulikuwa na utingo. Kijana alianza kwa kulala juu ya turubai la mzigo, akapaka grisi, akabeba jeki, akaruka chini mlimani na jiwe mkononi ili alitie nyuma ya tairi kabla lori halijaanza kurudi. Aligonga tairi kwa rungu kila wanaposimama, akajifunza kusikiliza: lililojaa hulirudisha rungu kwa mlio mkavu, lililopungua hulimeza kwa mlio mzito. Alijua kwamba kwenye tairi pacha, la ndani ndilo la kuogopwa, kwa kuwa halionekani, na la nje hulibebea mzigo kimya kimya mpaka yote mawili yapasuke. Miaka ikapita, usiku mmoja dereva akachoka, akamwambia, shika hapa, nyoosha tu. Hivyo ndivyo walivyopatikana madereva walioifungua njia ya Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, wakati sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa tope na sala. Hawakusukuma kigari ubaoni. Je, kuna chuo kinachoweza kumtoa mtu wa aina hiyo?

Hakuna, na sitajifanya kwamba kipo. Ila tuangalie utingo ulikuwa shule ya namna gani. Ilikuwa shule ya kufeli kuliko zote. Kila nati iliyoachwa wazi ilikuwa na tusi lake, kila jiwe lililochelewa lilikuwa na kofi lake, na muhula ulikuwa wa miaka. Utingo aliaibishwa kwa muda mrefu kiasi kwamba siku aliyopewa stelingi hakuwa na kiburi cha kuletea lori. Anayemtaja kama hoja ya kuondoa mapipa ananisaidia mimi bila kujua. Tatizo la shule hiyo ni jingine: ilikuwa na mwalimu mmoja, na mwanafunzi alirithi mkoba wake wote, ujuzi na ugonjwa. Kama mkubwa wake alipenda fri, naye akapenda fri. Kama mkubwa aliondoka na kuliacha jiwe katikati ya barabara, na mawe hayo bado yapo yakisubiri bajaji za usiku, kijana naye aliacha lake. Hakukuwa na mtu wa tatu mwenye kalamu wa kusema, hapo mmekosea wote wawili.

Wapo pia wanaosema mtihani unapima lugha ambayo barabarani haisemwi. Ni kweli. Kitabuni, indiketa ya kulia maana yake nakwenda kulia. Kwenye barabara kuu, lori lililo mbele yako likiwasha ya kulia wakati njia imenyooka, linakuambia usipite, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, linakuambia njia nyeupe, pita. Kitabuni, lori likiharibika huwekewa pembetatu zinazoakisi mwanga. Barabarani huwekewa majani. Na majani, tuseme ukweli, yana sifa zake: ni ya bure, yapo kila mahali, hakuna anayeyaiba, na adui yao ni mbuzi tu. Nisingependa kumwona dereva anayecheka lugha hiyo, maana imeokoa watu. Lakini jaribu kulijibu swali hili ukiwa umekaa nyuma ya lori, jioni, karibu na njia panda: indiketa ya kulia imewashwa, lori linakukataza kupita, au linakunja? Lugha ya barabarani inafaa mpaka siku inapokutana na msikilizaji anayejua lugha ya kitabu, au kinyume chake. Mtahiniwa anapaswa kuzijua zote mbili na kuifanyia mtihani ile isiyo na maana mbili. Majani nayo yabaki na kazi yake ya usiku wa dharura, ilimradi mwenye lori akiondoka aondoke nayo, asimwachie anayefuata apunguze mwendo kwa ajili ya ajali iliyokwisha jana.

Njia ya leseni ya mezani, ile inayonunuliwa bila mtihani, sitaikawilia. Kila mtu anaijua: mwombaji hufaulu bila kuliona lori. Kinachosemwa kuihusu huwa ni habari ya sheria na maadili, na ni sawa. Mimi naongeza jambo moja la kihasibu. Mtu huyu hakununua ujuzi. Alinunua msamaha wa aibu. Lakini aibu yenyewe haikufutwa, imeahirishwa tu. Itamkuta kwenye foleni ya Tunduma, amepakia, kwenye mwinuko, na malori mengine yamemganda mbele na nyuma, atakapotakiwa kuachia klachi bila kurudi hata kidole. Watazamaji hapo ni wengi kuliko uwanjani, na wengi wao wana magari mapya.

Wapo walimu wanaosoma haya wakifurahi, wakidhani nimewapa ruhusa ya kutukana. Sijatoa. Kufeli na kudhalilishwa ni vitu viwili, na mapipa yanatofautisha vizuri kuliko binadamu. Pipa likilala linamwambia mwanafunzi alichokosea na limemaliza. Halimtaji mama yake, halimlinganishi na mnyama, wala halimwambii akatafute kazi ya kushona. Anayetukanwa anaanza kuendesha ili asitukanwe, yaani anaendesha kwa haraka, na haraka ndiyo ile ile tuliyokuwa tunaitoa. Wanawake wanaojifunza malori, ambao idadi yao haijawa kubwa lakini wapo, hulipishwa ushuru huu mara mbili, kwani kila pipa lao huhesabiwa kuwa la jinsia nzima. Pipa la mwanamume huhesabiwa kuwa la upepo.

Ninachowalaumu walimu na wenye vyuo si ukali. Ni kwamba wanafelisha mahali pasipo na uzito. Mwanafunzi hufundishwa mara nyingi kwenye lori tupu, pengine lisilo na tela kabisa, kwenye uwanja ulionyooka, mchana, hakuna mvua. Lori tupu linapanda mlima kwa furaha na kusimama pale unapoliambia. Anafaulu, anapewa leseni, na wiki inayofuata anakabidhiwa tani 30 za saruji ambazo hajawahi kuzisikia zikimsukuma mgongoni. Sheria za Afrika Mashariki zinaruhusu lori na mzigo wake kufika tani 56, na mizani kuanzia Vigwaza hadi Mariakani ipo ili zisizidi. Lakini hakuna mizani inayompima dereva kama amewahi kuusikia uzito huo kabla ya siku anayoubeba barabarani. Tangi la mafuta au la maji lililojaa nusu ni somo jingine kabisa: unasimama, na kile kilichomo bado kinakwenda, kinagonga mbele, kinarudi, na lori linanyanyuka na kuinama lenyewe huku mguu wako umetulia juu ya breki. Mtu asiyewahi kulisikia hilo ataachia breki kwa mshtuko, na hapo ndipo atakapogonga.

Wekeni mifuko ya mchanga kwenye tela. Tafuteni kilima, hata kifupi. Mwacheni mwanafunzi azimike katikati yake, arudi nyuma kidogo mpaka kwenye jiwe, aanze tena, azimike tena, huku gari la chuo likiwa nyuma linapiga honi kwa makusudi. Nyuma ya mapipa, mwekeeni bodaboda wa kukodi anayejipenyeza upande wa kushoto pale pale lori linapojitanua, maana huyo ndiye mtihani wenyewe na hayumo kwenye mtaala wowote. Mwenye chuo atasema dizeli ni ghali, lori lililopakia linakunywa, na hatasema uongo. Mwenye kampuni ya usafirishaji atasema mzigo unasubiri bandarini, meli imeshatoza siku za ziada, hana muda wa kumgharamia kijana wiki nyingine ya mchanga. Kisha saa tisa usiku atamkabidhi funguo, atampa nyaraka za mpakani na namba ya simu ya fundi wa Makambako, atagonga mlango wa lori kwa kiganja na kumwambia aende taratibu, atazoea njiani.